Mbayuwayu Kwenye Nyumba Mpya: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya niliyatunga nilipokuwa nafundisha Bunju, Kinondoni, nikayaongeza nilipohamia Chamazi, Temeke. Ni ya klabu ya mazingira, Jumamosi moja kabla ya jaribio. Majibu ni marefu kuliko yanavyohitajika kwenye karatasi. Ukiyakariri bila kwenda kusimama chini ya upenu na kutazama juu, nitakugundua kwenye swali la nne.

SEHEMU A: MAJIBU MAFUPI

1. Taja ndege wanaoitwa mbayuwayu mitaani Dar es Salaam, na useme yupi anaweza kujenga kwenye nyumba yako. (alama 6)

Barazani kila ndege mdogo anayekata hewa kwa kasi ni mbayuwayu. Kwenye mtihani watenganishe.

Kuna anayetoka Ulaya na Asia, Hirundo rustica, mwenye koo la rangi ya matofali. Huanza kufika Septemba na kufikia Aprili ameshaondoka. Ndiye unayemwona amejipanga na wenzake kwenye nyaya za umeme jioni. Huyu huku kaja kula tu. Kiota chake kiko kwao. Mwaka jana wanafunzi wawili walimwandika kama jibu, nao nikawapa sifuri bila huruma.

Kuna michirizi, Cecropis abyssinica: kichwa na kiuno vya rangi ya kutu, kifua cheupe kilichochorwa mistari myeusi, mkia mrefu uliopasuka. Kuna na mkia-waya, Hirundo smithii: mgongo wa buluu inayong'aa, kifua cheupe kisicho na doa, kofia ya kahawia, na nyuzi mbili nyembamba mkiani. Hawa wawili wanazaa hapa hapa na wanapenda majengo. Ndio tunaowatafuta.

Wa mwisho si mbayuwayu kabisa, ni teleka. Mabawa yake yamepinda kama mundu, na miguu yake imeumbwa kwa kung'ang'ania ukutani, kwa hiyo hutamwona ametua kwenye waya hata siku moja. Teleka mwenye kiuno cheupe hukaa kwa makundi chini ya madaraja na mapaa marefu. Binamu yake mwembamba anakaa kwenye minazi: hugandisha manyoya kwa mate chini ya kuti linaloning'inia, kisha hugandisha na mayai yenyewe yasimwagike upepo ukivuma. Mbagala na Kigamboni kila mnazi ukikatwa, yeye ndiye anayefukuzwa nyumba. Hakuna atakayekuuliza habari zake kwenye jaribio. Nimeziandika kwa sababu nampenda.

2. Kweli au si kweli: kisanduku cha mbao chenye tundu, kikitundikwa uani, kitamvuta mbayuwayu. (alama 2)

Si kweli, ingawa kosa hili lina asili yake. Marekani yuko mbayuwayu mkubwa wa rangi ya zambarau, Progne subis, ambaye kwa asili huzaa kwenye matundu ya miti. Wenyeji wa asili wa kule walikuwa wakimtundikia vibuyu vitupu karibu na makazi yao kabla Wazungu hawajatia mguu. Siku hizi, mashariki ya milima ya Rocky, karibu wote wanazaa ndani ya vibuyu na visanduku vya watu. Asipotundikiwa hana pa kulala. Anayesoma habari zake na kukimbilia kwa seremala wa Tegeta atapata shomoro, na shomoro hawahitaji mwaliko.

Michirizi wetu anatengeneza kibuyu chake mwenyewe. Kiota chake ni bakuli la tope lililofunikwa na kushikanishwa na dari, lenye shingo ndefu ya kuingilia, mfano wa kibuyu kilicholazwa ubavu. Mkia-waya hajisumbui na shingo. Anajenga nusu kikombe tu, wazi kwa juu, akikibandika ukutani karibu na dari.

3. Taja mambo matatu ambayo mbayuwayu anayaangalia kabla ya kujenga. (alama 3)

Tope la karibu. Pa kushika tope hilo. Njia ya kuruka moja kwa moja bila kukwepa matawi wala kamba za kuanikia nguo. Ukiandika "chakula" nitakupa nusu alama, maana wadudu wanaoruka Dar es Salaam hawajawahi kuadimika.

SEHEMU B: MAELEZO

4. Mkazi wa Bunju amejenga nyumba nzuri. Ukuta umepigwa skimu na rangi ya mafuta, chini ya upenu pamezibwa kwa jipsamu, ua wote umetandikwa vitofali vya pevingi. Anapenda ndege, ana nafasi, hana paka. Masika mbili zimepita bila mbayuwayu hata mmoja. Eleza sababu. (alama 10)

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine ni kusindikiza.

Mbayuwayu ni fundi muashi asiye na simenti wala kokoto. Anachota tope kwa mdomo, tonge moja baada ya jingine, na kiota kizima kinahitaji mamia ya matonge. Kila tonge lazima lishikwe na kitu mpaka likauke. Ukuta unaokwaruza una vishimo vidogo vidogo ambamo tope huingia likakamata. Skimu na rangi ya mafuta huviziba vyote.

Nililiona hili kwangu Chamazi. Masika ya kwanza baada ya kuhamia, jozi moja ya michirizi ilikuja barazani. Ukuta nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta ya kahawia, kwa sababu watoto wanauchafua na inafutika. Ndege mmoja akafika na tonge la ukubwa wa punje ya kunde. Akajibana ukutani kwa kucha, mkia umeukandamiza ukuta, akalisukuma tope kwa kidevu huku kichwa kikitetemeka haraka haraka kama cherehani. Likashika. Mwenzake akaleta jingine. Kufikia alasiri palikuwa na mstari wa matonge uliopinda kama nyusi. Asubuhi yote yalikuwa sakafuni, yameng'oka kwa pamoja kama ganda la uji uliokaukia sufuriani, na upande uliokuwa umegusa ukuta ulikuwa laini unang'aa. Wakaanza upya. Ikaanguka. Wakaanza tena.

Mara ya nne walihamia kwenye kona ambako fundi umeme aliacha msumari uliopinda unaoshikilia waya wa taa. Tonge la kwanza likakaa juu ya msumari, la pili juu ya la kwanza. Siku kumi baadaye palikuwa na bakuli, na shingo imeanza kutoka.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni ukuta, na dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Huhitaji kubomoa chochote. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi aache. Mazungumzo yangu na fundi wakati wa kurekebisha baraza yalikuwa hivi:

"Mwalimu, hii skimu nikiifikisha mpaka juu itapendeza."

"Ishia hapo, fundi. Shubiri moja ya juu iache na plasta yake."

"Iachwe wazi? Watu watasema hela iliisha."

"Waache waseme."

Kama nyumba imekwisha, kwaruza sehemu hiyo kwa msasa mkali, au gongomelea kibao kisicholainishwa kwa randa, chenye upana wa kiganja, shubiri moja hivi chini ya dari. Mkia-waya atakikubali kibao haraka kuliko michirizi. Ukiwa na kibuyu kilichovunjika, kata kipande kama nusu kikombe ukigongomelee juu ya kibao. Ulaya watu huweka vikombe vya bandia kwa mbayuwayu wao kwa mtindo huo huo, na hata visipokaliwa humwonyesha ndege kwamba hapa pamewahi kuwa na mtu wake.

Sababu ya pili ni pevingi, nayo nitaijibu kwenye swali la tano.

Sababu ya tatu wanafunzi huisahau: nyumba ni mpya. Mbayuwayu waliokwisha kuzaa hurudi walikozaa. Wanaomtundikia yule mbayuwayu wa zambarau huko Marekani wanalijua hili vizuri; anayeanzisha makazi mapya hawategemei wazee, anawategemea vijana wa mwaka mmoja, ambao hufika wiki kadhaa baada ya wakubwa na hawana pao. Huko wengine hucheza sauti ya ndege iliyorekodiwa, alfajiri, ili kuwaambia wapita njia kwamba hapa pana kijiji. Mimi sijawahi kuwapigia spika majirani zangu alfajiri kwa sababu ya ndege, na sikushauri. Msikiti na jogoo wanatosha. Lakini kanuni ni ile ile: unamsubiri kijana asiye na kwake, na kijana huyo lazima akute mahali pako tayari kabla mvua hazijaanza. Tayarisha ukuta Februari kwa ajili ya masika, au Septemba kwa ajili ya vuli. Anayeanza kukwaruza ukuta katikati ya Aprili amechelewa. Wenzake wameshafikia shingo.

Kuhusu jipsamu: haina kosa yenyewe. Michirizi hupenda dari iliyo bapa ili abandike kibuyu chake juu yake. Kibaya ni bati tupu lisilo na dari. Saa nane mchana wa Februari weka kiganja chako chini ya bati, kisha fikiria kinda lisilo na manyoya.

5. Eleza jinsi ya kumpatia mbayuwayu tope mahali ambapo ardhi imefunikwa, bila kuleta madhara mengine. (alama 6)

Zamani Mbagala hakuna aliyeuliza swali hili. Njia zote zilikuwa tope, na bonde la mto Kizinga lilikuwa hapo chini. Sasa mtaa ukipata lami na kila ua ukipata pevingi, maji yanapita juu juu na kuondoka. Ndege anayelazimika kufuata tope mbali hujenga polepole, na kiota kinachojengwa polepole hukutwa na mvua kubwa kingali laini.

Chukua karai kuukuu. Jaza udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na kichanga. Kichanga kitupu hakishikani na mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka. Loweka mpaka uwe kama ule wa kufyatulia tofali. Weka mahali peupe, pasipo kichaka cha kumficha paka, mahali unapopaona kutoka dirishani. Mbayuwayu hutua chini kwa hofu; utaona mabawa ameyainua juu ya mgongo, tayari kuondoka.

Sasa sehemu ya alama tatu. Tope si dimbwi. Maji yasisimame juu yake. Jiji hili limepata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza anazaa kwenye maji machache yaliyotuama ndani ya vyombo, chini ya wiki mbili yai limekuwa mbu. Karai la tope likinyeshewa, mwaga maji. Mvua zikikatika na ndege wamemaliza kujenga, limwage lote.

6. "Mbayuwayu ni dawa ya mbu." Jadili. (alama 5)

Akili za mbayuwayu changanya na zako. Mbu wa malaria huuma usiku, mchana amejificha kwenye kiza cha chumba na uvunguni. Mbayuwayu anawinda mchana, hewani, palipo wazi. Hawakutani sana. Anachokula ni nzi, vijidudu vinavyopaa juu ya majani, mbawakawa wadogo, na kumbikumbi siku wanapotoka. Siku hiyo tazama juu ya ua, ni karamu.

Uongo huu una historia. Miaka ya 1960, J. L. Wade wa mji wa Griggsville, Illinois, aliyekuwa akitengeneza nyumba za yule mbayuwayu wa zambarau, aliwatangaza kuwa ndege mmoja anakula mbu 2,000 kwa siku. Nyumba ziliuzika. Mwaka 1968 Herbert Kale alichapisha uchambuzi wake wa jambo hilo katika jarida la Auk na kuonyesha kwamba hakuna ushahidi. Mbu ni sehemu ndogo mno ya mlo wao. Tangazo linaishi hadi leo, na limeshafika kwenye simu zetu. Lala ndani ya chandarua.

7. Kwa nini kunguru ni tatizo, na unamzuiaje bila sumu? (alama 4)

Kunguru wetu huyu mwenye shingo ya kijivu ni Mhindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusafisha taka, akavuka bahari na kulitawala jiji. Anakula mayai na makinda ya kila ndege anayemfikia. Lakini ni mkubwa, na lazima asimame mahali. Mnyime pa kusimama: usiache bomba, kamba ya nguo au ncha ya mbao karibu na kiota. Kiota cha michirizi kina mlango mwembamba ambao kunguru hapiti. Anachoweza ni kukibomoa kama kina tope bichi. Kikombe cha mkia-waya kiko wazi, kwa hiyo kipachike kibao chako karibu na dari kiasi kwamba ndege mdogo anapenya na kunguru hawezi kuinamisha kichwa. Na ufunike pipa la taka. Anayemlisha kunguru kwa utumbo wa samaki kila asubuhi kisha akalalamika juu ya mayai, sina jibu lake.

SEHEMU C: HALI HALISI

8. Kiota kina mayai. Miaka hii Idi ya kumaliza Ramadhani inaangukia mwanzoni mwa masika, na bibi mwenye nyumba anataka baraza iwe safi wageni wasije wakacheka. Utamwambia nini? (alama 6)

Kwanza shikamoo. Wanafunzi wengi wanaanza na "kisayansi".

Kisha mpe tarehe, maana bibi hataki somo, anataka kujua mpaka lini. Michirizi hutaga mayai matatu hivi, meupe yasiyo na madoa. Huatamiwa kwa wiki mbili na siku kidogo, makinda hukaa ndani karibu wiki tatu. Tangu yai la kwanza hesabu wiki tano au sita. Mwambie, "Bibi, naomba mpaka tarehe fulani," na uitaje.

Halafu ondoa kinachomuudhi, yaani kinyesi. Gongomelea kibao cha upana wa mkono mmoja chini ya kiota, umbali wa mita moja au zaidi ili paka asikitumie kama ngazi, na ukisafishe mwenyewe kila Ijumaa. Kama kiota kiko juu ya mdomo wa simtanki au jiko la mkaa, kubali kwamba bibi ana haki: funika tanki, sogeza jiko.

Makinda wakishatoka, bibi atasema sasa kiangushwe. Omba tena. Michirizi hukarabati kiota cha zamani na kukitumia mwaka unaofuata, na kiota kimoja kilichobaki huvuta ndege kuliko vibao kumi. Adui mkubwa wa mbayuwayu katika mitaa yetu ni fagio la buibui, na linashikwa na watu wasio na ubaya wowote.

9. Mvua ya usiku imeangusha kiota. Makinda wawili wako hai sakafuni. (alama 4)

Waokote kwa mikono. Ile imani kwamba mama akisikia harufu ya mtu atawakataa haina ukweli, atawalisha. Chukua kopo la siagi, litoboe matundu chini maji yasikae, tandika majani makavu na manyoya yaliyotoka kwenye kiota, lipigilie msumari pale pale kilipokuwa kiota, karibu na dari kadiri uwezavyo. Ondoka. Usisimame na simu kupiga picha. Wazazi wakirudi na chakula ndani ya saa moja au mbili, kazi imekwisha. Usiwape makinda wali wala mkate.

10. Kiota chako cha kwanza kimekamilika, na shingo yake nzuri. Siku ya tatu unaona manyoya yanatokeza mlangoni, na ndege wanaoingia wana mabawa ya mundu na kiuno cheupe. Eleza kilichotokea na hatua utakayochukua. (alama 5)

Umenyang'anywa, na aliyekunyang'anya ni teleka. Hawezi kuchota tope, kwa hiyo hungoja michirizi amalize kujenga, kisha anaingia na manyoya yake na mate yake, na mwenye nyumba anatoka. Ni tabia inayojulikana vizuri ya teleka wa kiuno cheupe kote Afrika.

Hatua: hakuna. Usitie fimbo, usizibe mlango. Alama mbili ni za kuandika neno hilo moja, na tatu ni za kueleza utakachofanya na tope. Kwangu ilitokea mwaka wa pili, kwenye kiota kile cha msumari. Michirizi walikaa siku mbili kwenye waya wa taa wakilalamika kwa ile sauti yao ya mkwaruzo. Siku ya tatu nililoweka karai upya. Walianza kiota kingine upande wa pili wa taa, hatua mbili kutoka kwa wezi wao, kwenye ile shubiri ya plasta aliyoiacha fundi, na matonge ya kwanza hayakuanguka.